Chumba cha bunduki, sefu au kabati la vioo? Kwa wanaokusanya huku Marekani

Sefu imetengenezwa ili mtu asifike, kabati la vioo limetengenezwa ili mtu aone, na chumba maalum kinataka kufanya yote mawili kwa mpigo ndo maana kinakula hela. Ukilishika hilo mapema hutasumbuliwa na matangazo. Mimi kazi yangu ni ukarabati wa nyumba hapa Ohio, basementi hasa, yaani vile vyumba vya chini ya ardhi, na miaka ya karibuni kazi za "fundi nijengee chumba cha bunduki" zimekuwa zinakuja sana. Zamani walikuwa wazungu wenye mashamba tu, siku hizi hadi ndugu zetu Wabongo na Wakenya waliokaa sawa na makaratasi wanakusanya. Kuna mzee mmoja anatafuta tu zile zilizopigana vita ya kwanza kule kwetu, Mauser ya 1871 ile ya baruti nyeusi ambayo askari wengi wa Mjerumani bado walikuwa nayo vita inaanza 1914, na Lee-Enfield za upande wa Mwingereza, na ukimpa nafasi atakusimulia mapigano ya Tanga mpaka chai ipoe.

Kabla ya hela, makaratasi. Kama uko na viza ya muda, ya masomo, ya kazi, ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki na hata risasi, labda uwe umeangukia kwenye msamaha mmojawapo kama leseni ya kuwinda iliyo hai. Green card hiyo katazo haikuhusu. Na usije ukamnunulisha shemeji mwenye uraia kwa jina lake wakati mzigo ni wako, hilo ni kosa la jela na hamna chumba kizuri kitakachokuokoa. Tuendelee.

Machaguo yenyewe ni matatu. La kwanza chumba kizima, kuta ngumu, mlango wa chuma wa mtindo wa benki, ndani bunduki zimepangwa ukutani zinaonekana zote. La pili chumba cha kawaida, ofisi au sebule ndogo, una kabati la vioo au raki ukutani. La tatu sefu ya chuma imefungwa kwa bolti kwenye sakafu, na kama unataka cha kutazama unatundika ukutani kitu kimoja viwili ambavyo hata vikiibiwa hulii. Watu wengi wanalinganisha la kwanza na la tatu, alafu wanaishia kwenye la pili kwa sababu ni rahisi, na kwa maoni yangu hilo la pili peke yake ndo baya kuliko yote.

Tuanze na ukuta maana hapo ndo penye uongo mwingi. Nyumba ya Marekani ndani ni mbao za fremu zimeachana inchi 16, juu yake jipsamu ya nusu inchi kila upande, katikati ni hewa au pamba ya joto. Kisu cha kukatia jipsamu kinauzwa bei ya soda mbili. Nshaona mtu kanunua mlango wa pauni 900, zaidi ya kilo 400, gurudumu la kuzungusha, makomeo manene kama kiwiko, kaubandika kwenye ukuta huo huo wa jipsamu, na upande wa pili wa ukuta ni kabati la nguo la chumba cha wageni. Nikamgongea pale kwa vidole, pakalia tupu kama debe, akanyamaza. Mwizi hana haja ya kujua namba za kufuli, anasogeza makoti anapita.

Kwaiyo ukichagua chumba, hela ya kwanza iende kwenye kuta na dari, mlango uje nyuma. Basementi inakusaidia sana, ukichukua kona tayari una kuta mbili za zege inchi 8 na nyuma yake ni udongo, bado mbili. Hizo mbili njia nzuri ni bloku za saruji, matundu yajazwe zege na nondo zisimame ndani. Kama huwezi basi fremu ya mbao zilizobanana zaidi, plaiwudi ya robo tatu inchi igundishwe na kukazwa kwa skrubu, juu yake wavu mzito wa chuma, alafu ndo umalizie kwa jipsamu nene ya kuzuia moto, ile ya sehemu tano kati ya nane za inchi. Sio zege, ila mtu atapiga kelele ya kutosha na kutumia muda, na muda ndo unaoununua. Alafu dari jamani! Dari ya basementi ni sakafu ya sebule, boriti na mbao nyembamba na zulia, mtu mwenye msumeno wa umeme anashuka kutoka juu umekaa na mlango wako wa maelfu ya dola. Wateja wengi wakija na michoro yao dari hawajaigusa kabisa.

Sefu upande huu nayo isikupe usingizi wa pono. Sefu nyingi za dukani zina lebo ya RSC, yaani kasha la usalama la nyumbani, na maana yake kwa ngazi ya chini ni kwamba mtu mmoja mwenye vifaa vya kawaida vya mkono alijaribu kuifungua kwa dakika 5 za kazi halisi akashindwa. Dakika 5, basi. Zile za TL-15 na TL-30 zinapimwa dakika 15 na 30 na vifaa vikali zaidi, lakini bei na uzito vinapaa. Kwenye sefu angalia unene wa bati la mwili, sio la mlango tu, geji 12 ni kama milimita 2.7 tu na grainda ya betri inalipitia, geji 10 au 7 ndo unaanza kuongea, namba ikipungua bati linanenepa. Na uifunge bolti chini. Sefu isiyofungwa inalazwa chali, watu wawili na mitaimbo mirefu wanapata nguvu zote za mwili wao, au wanaiburuta tu mpaka kwenye gari wakaifungulie kwao kwa raha. Lile neno "bunduki 24" lililoandikwa kwenye boksi ligawe kwa mbili, ukishaweka zenye darubini na vipini vya bolti vilivyochomoza (bolti ya bunduki, kile chuma unachovuta nyuma) hazikai.

Kabati la vioo sina mengi, ni fanicha. Kufuli lake unaweza kulifungua na bisibisi. Ukiweka kioo cha tabaka mbili chenye plastiki katikati kama cha mbele ya gari inasaidia kidogo, na alamu inasaidia kidogo, lakini umeshamwonyesha mtu kila kitu kilipo. Uzuri wake ni pale unapoliweka NDANI ya chumba kilichojengwa vizuri, hapo kazi yake inabaki kuzuia vumbi na vidole vya wageni, na hiyo kazi inaiweza.

Sasa unyevu. Hapa chumba na sefu vinatofautiana sana na hamna anayekwambia dukani. Bunduki inataka hewa yenye unyevu kama asilimia 40 hadi 50 kwenye joto la kawaida la nyumba, nyuzi 21 hivi. Ikizidi, chuma kinashika kutu, ikishuka sana mti wa bunduki unakauka na kupasuka. Sefu ni boksi dogo, unaweka fimbo ya umeme chini inayopasha hewa kidogo ili ipande na kuzunguka, na kopo la silika linalonyonya maji, unalikausha kwenye oveni likibadilika rangi, umemaliza, gharama yake ni ndogo. Chumba cha zege chini ya ardhi ni kitu kingine kabisa. Zege jipya lenyewe linatoa maji kwa miezi, na basementi za Ohio mwezi wa saba ukiingia unaisikia ile harufu ya gunia bichi. Unahitaji mashine ya kukausha hewa yenye mpira unaomwaga maji kwenye shimo la sakafuni, sio ile ya ndoo unayosahau kumwaga ukisafiri, pamoja na tundu la hewa linalozunguka na nyumba nzima, na kipima unyevu viwili, kimoja karibu na sakafu kimoja juu, maana hazilingani. Rangi ya kuzuia maji ipake ukutani kabla hujatundika chochote. Na usiweke chumba jirani na boila ya maji ya moto au pampu ya maji ya chini, siku vinapopasuka havibishi hodi.

Wa Houston na kusini kule basementi hamna, kwaiyo chumba chenu ni kabati kubwa la nguo katikati ya nyumba, juu ya zege la chini, lisilopakana na ukuta wa nje. Unyevu mnao wa bure mwaka mzima. Kwa nyie ntasema wazi, sefu nzuri ndani ya kabati hilo inatosha, kujenga chumba kizima ni mpaka mkusanyiko uwe mkubwa kweli.

Kwenye kuonyesha, chumba kinashinda bila ubishi, sefu unafungua unaona vitako vimesongamana kwenye giza, hata mwenyewe unasahau ulicho nacho. Mfano mkubwa wa ugonjwa huu ni J.M. Davis wa Claremore, Oklahoma, jamaa alikuwa na hoteli, akazitundika bunduki zake kwenye kuta za hoteli mpaka zikawa maelfu, mwishowe jimbo likamjengea jumba la makumbusho lililofunguliwa 1969 na mpaka leo lipo. Ukipita njia ile ingia uangalie jinsi wanavyopanga, utajifunza zaidi kuliko picha za mtandaoni.

Mambo ya kupanga ambayo nimeyaokota kwa wateja wanaojua. Kulabu zote ziwe zimevikwa mpira au kitambaa cha sufu, chuma kwa chuma kinakwaruza. Bunduki ndefu ilale mlalo kwenye kulabu mbili, au kama unasimamisha kwa muda mrefu mdomo wa mtutu utazame chini, maana mafuta yanashuka taratibu na ukiisimamisha kwa kitako yanaingia kwenye mti yanaulainisha pale unapokutana na chuma, utakuja kuona pameingia weusi. Ngozi ni adui, ile mikoba mizuri ya ngozi iweke pembeni kwenye rafu yake, dawa iliyotumika kuitengeneza ngozi inakula chuma. Jasho la vidole linaacha alama za kutu zenye umbo la kidole kabisa, kwaiyo glavu kwa wageni, ambaye hataki glavu aangalie kwa macho. Wengi wanapaka Renaissance Wax, nta iliyotengenezwa British Museum miaka ya 1950, tabaka jembamba sana kwenye chuma na kwenye mti, haiteleziteleza kama mafuta na haishiki vumbi. Taa ziwe za LED, kibadilisha umeme chake kikae nje ya kabati kwa sababu ya joto, na dirisha lisiwepo. Dirisha linaunguza rangi ya mti polepole na linamwonyesha kila mpita njia mali yako, yaani hasara mara mbili. Nikiingia nyumba ya mtu nikakuta "chumba cha bunduki" kina dirisha kubwa linalotazama barabarani huwa najua huyu anajenga kwa ajili ya Instagram.

Na ukitoka kuwinda baridi ya Novemba usiipeleke bunduki moja kwa moja kwenye kabati lenye joto, italowa maji yenyewe. Iache kwenye mkoba wake ipate joto la nyumba taratibu ndo uifute.

Watoto. Hapa sibembelezi. Kama nyumbani kuna mtoto, au kijana, au mtu yeyote anayepitia kipindi kigumu kichwani, raki ya wazi ukutani na kabati la kioo futa kwenye orodha. Iwe sefu au chumba chenye mlango wa kweli, namba anazijua mtu mzima mmoja au wawili, sio namba za mwaka wa kuzaliwa wa mtoto ambazo mtoto mwenyewe ndo wa kwanza kujaribu. Risasi zikae kwenye kisanduku kingine na kufuli lingine, isiwe kwenye droo chini ya ile raki. Sheria za majimbo hazifanani, Texas ukimwachia mtoto chini ya miaka 17 bunduki yenye risasi kwa uzembe ni kosa, Massachusetts bunduki ambayo huna mkononi lazima iwe imefungwa hata kama unaishi mwenyewe, Michigan tangu Februari 2024 unatakiwa kuifunga kama unajua mtoto anaweza kuwepo. Kwa hiyo pambo la ukutani ambalo Ohio hamna anayekuuliza, ukihamia Boston ni kesi. Hata ndani ya chumba kilichofungwa mimi nawapenda wale wanaotoa bolti, ile unayoivuta nyuma, wanazipanga kwenye sefu ndogo zikiwa na vibandiko vya namba, ukutani inabaki bunduki isiyoweza kupiga. Kwa macho ya mgeni ni ile ile. Zisizotoka bolti wanapitisha kufuli la waya.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaifikirii. Kwa sheria ya shirikisho bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla inahesabika ni ya kale na haiendi kwenye utaratibu wa kawaida wa ununuzi, Martini-Henry, zile Mauser za 1871 za yule mzee wangu, magobore. Hizo ndo nzuri kuziweka ukutani ofisini, zina hadithi, risasi zake huzikuti dukani kirahisi, na sefu inabaki na za kisasa. Kwa mtu mwenye bunduki sita saba huo mpangilio unampa raha ya kutazama bila kuvunja ukuta hata mmoja. Za miaka 50 na kuendelea kuna leseni ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka 3, inakuruhusu kununua zinazostahili kutoka jimbo lingine moja kwa moja, lakini inakuja na daftari la kuandika kila inayoingia na kutoka, na ikiibiwa unatakiwa kuripoti ndani ya masaa 48. Angalia na sheria ya jimbo lako pia, kuna mengine yana masharti yake juu ya hayo.

Moto nipite haraka. Zile "dakika 60 za moto" za sefu nyingi ni vipimo vya mtengenezaji mwenyewe, na kinachokinga ndani ni vipande vya jipsamu ile ile ya ukutani. Jipsamu ikipata joto inatoa mvuke, kwaiyo hata kisichoungua kinatoka kimelowa, kifutwe siku hiyo hiyo. Chumba cha zege chenye jipsamu nene darini hakiko nyuma ya sefu hapo. Kama unatengeneza risasi mwenyewe, baruti iache kwenye makopo yake ya asili na isiwe ndani ya chumba kilichofungwa kabisa bila hewa, wala kwenye sefu, kitu kisicho na pa kupumulia kinalipuka.

Uzito nao. Sakafu za nyumba za mbao kwa kawaida zinapigiwa hesabu ya pauni 40 kwa futi ya mraba, vyumba vya kulala 30. Sefu ya pauni 800 ikishajaa, kwenye eneo dogo kama meza ya kahawa, ghorofani, isikae katikati ya chumba, isogee kwenye ukuta unaobeba na ikatize boriti kadhaa. Chumba cha kwenye zege la chini hakina shida hii.

Hela sasa. Sefu ya maana iko kwenye dola 1,500 hadi 3,000, chini ya hapo unanunua kabati la bati la kuzuia watoto, ambalo pia lina kazi yake tusilidharau. Chumba, mlango peke yake unaanzia kama 3,000 na kupanda, ongeza bloku, zege, umeme, hewa, kibali cha ujenzi cha mji, na fundi kama mimi ambaye simo kwenye hesabu za YouTube. Ila sefu ukihama unaenda nayo, kwa mateso lakini unaenda nayo. Chumba kinabaki na mnunuzi, mzuri atakiita chumba cha kujikinga na kimbunga, mwingine atakiita stoo ya viazi.

Bima usiisahau popote ulipochagua. Bima nyingi za nyumba zina kikomo cha wizi wa bunduki, mara nyingi dola 2,500 kwa zote kwa pamoja, ambayo ni Garand moja, ile bunduki ya jeshi la Marekani ya vita ya pili, na chenji. Uliza nyongeza ya kuorodhesha moja moja, piga picha namba ya mfululizo iliyochongwa kwenye chuma cha kila bunduki, na nakala zikae nje ya nyumba.

Basi ukiniuliza mimi nikiwa nimesimama basementini kwako na futi mkononi: chini ya bunduki kumi, nunua sefu nzuri na za kale mbili tatu ukutani. Umepanga nyumba, sefu, hamna mjadala. Una ishirini na zaidi, nyumba ni yako, una kona ya zege na unapenda kukaa nazo jioni, jenga chumba, na ndani yake weka sefu ndogo kwa bastola na zile bolti. Unaishi mahali hamna basementi, kabati la ndani liimarishwe kuta na sefu iingie humo.

Na kwa watakaojenga, kabla hujaagiza mlango amua unafungukia ndani au nje. Wa kufungukia ndani ni mzuri kama unataka pia kujificha na kimbunga, vifusi haviwezi kukuzuia kutoka, lakini unakula nafasi ya ukuta mzima nyuma yake ambapo ungetundika bunduki nne. Wowote utakaochagua uwe na mpini wa kufungulia ndani. Siku ya kukabidhiwa mwambie fundi aingie, umfungie, na atoke mwenyewe ndo umlipe.